Hukuangalia Mifuko

Siku Mama Spika aliposema samahani, mumewe aliinua uso kutoka kwenye meza ya pasi, na nusura aunguze suruali ya watu.

Mama Spika alikuwa kaunta, ameshika shati jeupe lililorudishwa na mke wa mhasibu kwa madai kwamba kola ina kivuli. Kola haikuwa na kivuli. Mke wa mhasibu alikuwa na kawaida ya kurudisha nguo, na Mama Spika alikuwa na kawaida ya kumjibu. "Kivuli hicho ni cha kichwa chako, dada. Hebu sogea uone kama hakitaondoka." Wateja wengine walikuwa wakijikawiza makusudi kwenye benchi ili wasikie. Walisema nguo unaweza kufuliwa popote, lakini kusutwa vizuri ni hapo tu.

Siku hiyo alilipokea shati, akaligeuza upande huu na huu, akasema, "Samahani. Tutarudia."

Mke wa mhasibu hakujua afanye nini. Alibaki amesimama na mkoba wake mkononi, kama mtu aliyeusukuma mlango kwa nguvu akakuta haukufungwa. Mwishowe akasema haidhuru, si lazima, kivuli chenyewe kidogo tu, akaondoka haraka. Mama Spika aliliweka shati kwenye kapu, akaketi kwenye kigoda, akautazama ukuta.

Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani kabla ya hapo, na mwanzoni ulikuwa umepata mpinzani. Alipoambiwa titi litaondolewa, alimwambia daktari wa upasuaji, "Shona vizuri. Mimi ni dobi, pindo baya nikiliona nalijua." Nywele hakuzingoja zidondoke. Alizinyoa mwenyewe, akasema amezitangulia. Alikwenda kutundikiwa dripu ya kwanza akarudi anawagombeza wauguzi kwa mashuka yao, ya pili hivyo hivyo, na ya tatu pia. Kisha, baada ya kichefuchefu cha ile ya tatu kupungua, wakati kila mtu alikuwa anashukuru kwamba sasa ana nafuu, likatoka hilo neno samahani. Sauti ikaondoka naye akabaki.

*

Walimpenda sana, kwa hiyo wakamnyang'anya kila kitu.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi kana kwamba hakuna dobi mwingine duniani, alichukua pasi ya mkewe. Binti yao, aliyekuwa ameacha kazi ya duka la simu kwa muda, alichukua kaunta. Dada yake Mama Spika, mwanamke mnene mwenye huruma na sauti ya amri, alikuja na begi lake na kuchukua jiko. Redio ilipunguzwa. Milango ilifungwa polepole. Nyumba nzima iliingiwa na adabu ambayo haikuwahi kuwa nayo.

"Umelala, Mama?"

"Nimelala."

"Umekula?"

"Nimekula."

Hakuwa amelala wala kula, lakini waliouliza walikuwa na kazi nyingi, na majibu yalikuwa mazuri.

Jioni moja, walipokuwa wamekaa sebuleni katikati ya mashati yaliyotundikwa, binti alisema, "Kesho tuondoke mapema, foleni ya dripu huwa ndefu."

"Nendeni salama," alisema Mama Spika.

"Mama, wewe ndiye unayekwenda."

"Mimi siendi. Inatosha."

Alilisema kama mteja anayesema shati lake halihitaji wanga. Angepiga kelele wangejua la kufanya, maana kelele zake walizizoea na dawa yake walikuwa nayo: unamwacha amalize, kisha unamwuliza kama chai yake iwe na sukari. Lakini neno hilo halikuwa na pa kulishikia.

Binti alimtazama baba yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sista wa wodini aliniambia kuna mshauri nasaha. Anaongea na wagonjwa wa kansa. Chumba cha mwisho kwenye korido."

"Chumba cha mwisho?" Mama mkubwa aliweka kikombe chini. "Kile kinachotazamana na kliniki ya vichaa?"

"Mama mkubwa, hawaitwi vichaa."

"Waite utakavyo. Mdogo wangu ana kansa, na sasa mnataka mumwongezee wazimu? Moja haimtoshi? Watu watasema nini?"

"Watu wanasema tayari, shemeji," alisema Dobi.

"Basi tusiwape ya kuongezea! Mtu akiwa na huzuni anakaa na ndugu zake, anaombewa, anakunywa uji. Kuongea na mtu usiyemjua, tena kwa miadi! Ana nini cha kumwambia ambacho mimi sikijui?"

Wakabishana. Mama Spika alikuwa ameketi katikati yao, mikono mapajani, akimsikiliza kila mmoja kwa zamu. Hakuna aliyemwuliza yeye.

*

Kesho yake alikwenda, kwa sababu kubishana na dada yake kulikuwa kazi nzito kuliko kwenda.

Korido ya hospitali ilikuwa ndefu, na watu walikaa pande zote mbili wakitazamana, hivi kwamba kila aliyepita alikaguliwa kama bidhaa. Sista mwenye kadi alipofika kwao alitabasamu. "Mama Spika! Mbona leo hunisemi? Shuka la kitanda chako leo lina doa kabisa, nimekuwekea makusudi."

"Sina la kusema, mwanangu."

Sista akaacha kutabasamu. Alichuchumaa mbele yake, akamshika goti. "Dripu itakuja. Lakini kabla yake, kuna mtu wa kuongea naye, kule mwisho. Hana sindano. Ni maongezi tu." Na kwa nia njema kabisa, akanyoosha kidole.

Benchi zote mbili zilikifuata kile kidole mpaka mlangoni, zikarudi zikamtazama Mama Spika. Mke wa mhasibu alikuwemo, amemleta baba mkwe wake kutazamwa macho. Macho yake na ya Mama Spika yakakutana. Kwa haraka akafungua mkoba na kujifanya anatafuta kitu, akakitafuta sana.

Mama Spika alisimama, akakaza kitambaa chake kichwani. "Sina wazimu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote, akatoka mpaka getini. Hakurudi, hata binti alipomshika mkono na kumlilia mbele za watu.

Daktari aliwaeleza Dobi na binti waziwazi. Dripu hii inaweza kusogezwa kwa wiki moja. Zaidi ya hapo watakuwa wameupa ugonjwa nafasi, na ugonjwa ukipewa nafasi hauombi mara ya pili.

*

Pale dukani kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Dobi. Kila mteja alishonewa uzi wa rangi yake ndani ya nguo, na kupewa kipande cha uzi huo huo aondoke nacho. Mwenye nguo hakulazimika kuja mwenyewe. Angeweza kumtuma mtoto, mpangaji, hata mkwe; mradi uzi unafanana, nguo zinatoka. Ya pili ilikuwa ya Mama Spika: nguo haiingii majini kabla mifuko yake haijaangaliwa. Kwa sheria hiyo alikuwa amewarudishia watu funguo, vyeti, barua za mapenzi, na mara moja meno ya bandia, akiyashika kwa ncha ya vidole na kusema, "Mzee, hawa wanakutafuta."

Dobi aliishi maisha yake yote kwa sheria ya kwanza, ndiyo maana alifanya alichofanya. Alivaa suruali iliyonyooka kama rula, akachukua kadi ya kliniki ya mkewe, akachomoa kipande cha uzi mwekundu kwenye gauni lake. Mwekundu ulikuwa uzi wake tangu alipokuwa mteja tu, msichana mwenye maneno mengi na gauni moja zuri. Kisha akaenda hospitali peke yake, akabisha hodi chumba cha mwisho.

"Karibu, Baba," alisema mshauri. Alikuwa mwanamke kijana, na kola yake ilikuwa na mkunjo upande wa kushoto. Dobi aliuona, akajilaumu kwa kuuona. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Nimekuja kwa niaba yake." Aliweka kadi mezani, na uzi juu ya kadi.

"Na huu uzi?"

"Ndiyo alama yake. Sisi ni madobi. Kwetu mwenye nguo si lazima aje. Sasa mimi nimekuletea shida yake. Wewe niambie la kufanya, nikampe."

Mshauri hakucheka. Aliusogeza uzi kidogo ili usianguke. "Haya. Shida yake ni ipi?"

"Hagombi, Daktari."

"Mimi si daktari, Baba."

"Hagombi kabisa! Mwanamke yule, Daktari, aliwahi kumsimamisha askari wa barabarani. Badala ya askari kusimamisha watu, yeye ndiye kasimamishwa! Akaambiwa sare yenye mikunjo hivyo haiwezi kumtoza mtu faini. Kesho yake askari akaleta sare dukani. Mpaka leo ni mteja wetu, ana uzi wa kijani." Dobi akashusha sauti. "Sasa anasema samahani. Anasema nimelala, nimekula. Dripu hataki. Nafikiri anaogopa kufa. Na hasemi, na halii."

"Siku hizi nani anapiga pasi?"

"Mimi."

"Kaunta?"

"Binti yetu."

"Na jikoni?"

"Dada yake. Mke wangu tumemwambia asiguse kitu, apumzike tu." Alilisema kwa fahari. Kisha akalisikia.

"Aliomba kupumzika?"

Dobi aliinyoosha kwa kiganja suruali yake ambayo haikuwa na mkunjo.

Mshauri akauliza, "Na wewe, Baba, unalala?"

"Mimi siumwi."

"Sijauliza kama unaumwa."

Dobi aliutazama uzi mwekundu. "Nasikiliza anavyohema," alisema. "Nikipitiwa na usingizi nashtuka, naona kama nimemwacha njiani peke yake. Asubuhi nikimwona ameamka nafurahi, halafu naona haya kwamba nilikuwa nimeshaanza kulia. Sasa mtu unamlilia vipi mtu ambaye yupo, anakutazama, anakuuliza umeona wapi ndala zake?"

Alitafuta leso. Mtu aliyekunja leso za mtaa mzima kwa miaka yote hiyo hakuwa na leso yake mwenyewe mfukoni. Mshauri alimsogezea karatasi laini. Hakumharakisha.

Alipotulia, mshauri alimrudishia kadi na uzi. "Ya mkeo siwezi kuyashughulikia kupitia kwako. Hayo aje nayo mwenyewe. Lakini haya uliyoyaleta leo ni yako, na umefanya vyema kuyaleta. Nimekuandikia siku ya kurudi. Na mlango uko wazi kwa nyote wawili."

Dobi alitia kila kitu kwenye mfuko wa shati: kadi, uzi, karatasi laini iliyolowa, na ile ya miadi.

*

Akarudi nyumbani, akavua shati, akalitupa kwenye kapu la nguo chafu kama siku zote.

Mama Spika alikuwa ameketi karibu na kapu kwa sababu hakuna aliyempa mahali pengine pa kukaa. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Hata katika siku zile ambazo hakuwa na hamu ya kuinua kijiko, vidole vyake havikuweza kuliona shati kapuni na kuliacha mfuko umejaa. Akatoa kadi. Akatoa uzi. Akatoa karatasi ya miadi, akaisoma. Mwisho akatoa kile kitonge cha karatasi laini, akakinyanyua kwenye mwanga.

"Dobi."

Dobi alikuwa anavaa fulana. Aliganda mikono ikiwa juu.

"Nani amelia humu?"

"Ni mafua."

"Mafua ya chumba cha mwisho?" Akasimama. "Ulikwenda kunisema kwa watu?"

"Sikukusema. Nilikupeleka tu."

"Ulinipeleka! Mimi ni shuka?" Sauti ilianza chini, yenye kutu, kisha ikapata njia. "Ulimwambia nini huyo mtu? Sema! Ulimwambia silii?"

"Nilimwambia."

"Muongo! Nalia bafuni, nafungulia bomba! Bili ya maji hukuiona? Nini tena?"

"Nikasema unaogopa kufa."

"Ehe! Na nani haogopi? Wewe huogopi? Lakini siyo hilo, bwana wewe, siyo hilo!" Dukani watu walikuwa wamesimama kutoka kwenye benchi. Binti alifika mlangoni, mkono mdomoni, akicheka na kulia kwa wakati mmoja, na nyuma yake mama mkubwa na mwiko. "Naamka nakuta pasi imeshikwa. Chai imepikwa. Kaunta ina mtu. Nyumba inakwenda! Inakwenda vizuri kabisa! Mnafanya mazoezi! Mnafanya mazoezi ya kuishi bila mimi, na mimi nimekaa hapa hapa nawatazama mnavyofaulu! Sasa hiyo dripu niende nikaitafute ya nini?"

Akamgeukia mumewe.

"Miaka yote hii nimekufundisha nini, Dobi? Nguo ya mtu huitii majini kabla ya nini?"

"Kabla ya kuangalia mifuko," alisema Dobi kwa sauti ndogo.

"Basi umenibeba mzima mzima ukanipeleka, na hukuangalia mifuko!"

"Ningeangaliaje? Ulikuwa umeishona."

"Ungeuliza!"

Dobi alishusha mikono, fulana ikiwa nusu shingoni. Alimtazama mkewe, mwembamba, amekasirika, kitambaa kimekaa upande, na moyo wake ukamruka kama siku ile ya gauni moja zuri.

"Nauliza," alisema.

Mama Spika alitaka kujibu, kilio kikamtangulia. Akaketi. Alilia mbele yao wote kwa sauti kubwa, kama alivyofanya kila kitu, na dada yake akaweka mwiko chini, akaja akaketi sakafuni, akakilaza kichwa kwenye magoti ya mdogo wake bila amri yoyote.

Baadaye alijifuta uso, akanyoosha mkono. "Lete pasi."

"Ni nzito, Mama," alisema binti.

"Wewe nawe! Lete pasi."

Wakamletea. Alipiga leso moja tu, nyeupe, akiwa ameketi, akipumzika kila alipogeuza upande. Aliikunja pembe kwa pembe, akampa mumewe.

"Ukienda tena kwa watu usinitie aibu. Dobi mzima unalia kwenye makaratasi." Kisha akaichukua ile karatasi ya miadi. "Na kesho nakwenda mwenyewe, nikasahihishe uongo wako."

*

Korido ilikuwa vilevile, benchi vilevile. Mama Spika alipopita kuelekea mwisho, mazungumzo yalikatika, vichwa vikageuka. Alisimama katikati.

"Mnaangalia nini? Ndiyo, naingia chumba cha mwisho. Kichwa nacho kinaumwa kama goti linavyoumwa. Mwenye swali aulize sasa, nikitoka nitakuwa nimechoka."

 Kisha mzee mmoja mwenye bakora akanyoosha mkono taratibu, kama mwanafunzi. "Samahani, mama. Utakaa sana? Maana ninayefuata ni mimi."

Mama mmoja akaguna, kijana karibu naye akacheka, na benchi nzima ikalegea. Mama Spika akamwambia mzee amshikie ndala zake zisiibiwe, akaingia pekupeku.

Dobi alikaa nje karibu na yule mzee. Kwanza hakusikia kitu. Kisha akasikia sauti aliyoijua, ikipanda. Kisha kilio. Kisha, baada ya muda mrefu, kicheko cha watu wawili.

Alitoka macho yamevimba, akazidai ndala zake.

"Mmesemaje?" Dobi akauliza.

"Si yako." Walipofika getini akaongeza, "Yule binti kola yake ni aibu."

"Niliiona siku ile."

"Na hukumwambia?"

"Nilikuwa nalia."

Mama Spika akacheka, akamshika mkono, jambo ambalo hawakuwa na kawaida ya kulifanya barabarani.

Dripu ya nne alitundikiwa ndani ya ile wiki. Ilimtapisha kama zile nyingine, na pengine zaidi. Ziko siku hatoki kitandani, na siku hizo hakuna anayemwambia ajikaze. Binti husimama mlangoni mwa chumba na kumsomea malalamiko ya wateja, yeye hujibu akiwa amelala, na binti huyapeleka majibu kaunta bila kupunguza neno. Mke wa mhasibu alirudisha tena shati lake jeupe. Alipojibiwa, alisimama pale dukani akatabasamu kwa namna ambayo hakuwahi kutabasamu, akasema, "Mwambieni nimesikia. Na mwambieni nitalirudisha tena wiki ijayo."

Siku ambazo ana nguvu anapiga leso na nguo za watoto wachanga, basi. Pasi kubwa ni ya Dobi. Jiko wamegawana na dada yake, na wanagombana juu ya chumvi.

Hospitali haijasema amepona, wala haijasema vinginevyo. Kila Jumatano duka linafungwa saa sita mchana, na mlangoni kinatundikwa kibao chenye mwandiko wake mkubwa: TUMEKWENDA KUONGEA. NGUO ZENU HAZITAKIMBIA. Anaingia yeye kwanza. Akitoka anampa Dobi leso, na Dobi anaingia.